Amos Wako: Mchunguzi wa mauaji ya dola aliyegeuka wakili wa dola

Mnamo Februari 2009, mchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, Profesa Philip Alston, alihitimisha ziara yake ya siku kumi nchini Kenya kwa pendekezo ambalo halikutarajiwa na wengi. Alitaka Mwanasheria Mkuu, Bw Amos Wako, aondoke afisini. Pendekezo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa cheo alichokuja nacho Alston kiliundwa mwaka 1982, na mtu wa kwanza duniani kukishika alikuwa Amos Wako mwenyewe.

Katika historia ya mawakili wa Afrika Mashariki ni vigumu kupata safari ya kikazi inayofanana na hiyo. Kwa miaka kumi Wako alizihoji serikali za mataifa mengine kuhusu watu waliouawa na majeshi na polisi wao. Kwa miaka 20 iliyofuata alikuwa mshauri mkuu wa kisheria wa serikali iliyoulizwa maswali yale yale, na ofisi yake ndiyo iliyotayarisha mswada wa kwanza wa Kenya wa kupambana na ugaidi.

Kwa msomaji wa Kabras, katika Kaunti ya Kakamega, jina hilo si la mbali. Wako ni mwana wa Busia, na hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013, Busia na Kabras zilikuwa katika Mkoa mmoja wa Magharibi, makao yake makuu yakiwa mjini Kakamega. Isitoshe, baadhi ya maovu yaliyomleta Alston nchini yalitendeka katika mkoa huo huo, kwenye Mlima Elgon. Taarifa hii inaeleza safari ya wakili huyo, sheria zilizopita mikononi mwa ofisi yake, na kilichobadilika tangu alipoondoka.

Wakili aliyepata jina Geneva

Amos Wako alizaliwa mwaka 1945. Alisomea sheria jijini Dar es Salaam, wakati chuo hicho kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha London. Aliporejea alijiunga na kampuni ya mawakili ya Kaplan and Stratton jijini Nairobi, mojawapo ya kampuni kongwe zaidi nchini, na akawa mshirika wake. Kati ya 1979 na 1981 aliongoza Chama cha Mawakili nchini.

Mwaka 1982 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa liliunda wadhifa mpya wa kuchunguza mauaji yanayotekelezwa na serikali bila hukumu ya mahakama, au baada ya kesi za mzaha. Wako ndiye aliyeteuliwa kuuanzisha. Hakuwa na askari wala mahakama, na hakuwa na uwezo wa kumwita yeyote afike mbele yake. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamishi kutoka kwa jamaa za waliouawa na kutoka kwa mashirika ya haki, kuziandikia serikali husika akitaka maelezo, kuzuru nchi zilizokubali kumpokea, na kuwasilisha ripoti kila mwaka mbele ya Tume ya Haki za Binadamu jijini Geneva.

Mwaka 1984 alizuru Suriname kuhusiana na mauaji ya wapinzani 15 wa utawala wa kijeshi, yaliyotokea Desemba 1982. Mwaka 1989 alikwenda Colombia, ambako mauaji ya kisiasa yalikuwa yamekithiri. Katika ripoti zake alisisitiza kwamba haitoshi serikali kukana. Ni lazima kila kifo kinachotiliwa shaka kichunguzwe haraka, na wachunguzi wasiwe wale wale wanaoshukiwa. Mawazo ya aina hiyo yaliingia katika kanuni zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Mei 1989 kuhusu kuzuia na kuchunguza mauaji yaliyo nje ya sheria. Kanuni hizo zinasema kwamba amri ya mkubwa haiwezi kuwa kisingizio cha kuua, na kwamba vita au hali ya hatari havihalalishi mauaji ya aina hiyo. Wakati huo huo Wako alikuwa mwanachama wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia utekelezaji wa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa.

Ofisi iliyobeba mizigo miwili

Mnamo Mei 1991 Rais Daniel arap Moi alimteua Wako kuwa Mwanasheria Mkuu, akichukua nafasi ya Bw Matthew Guy Muli. Wakati huo Kenya ilikuwa ingali nchi ya chama kimoja, na wafadhili walikuwa wakiishinikiza serikali ilegeze kamba. Uteuzi wa wakili aliyeheshimika Geneva ulipokewa na wengi kama ishara ya matumaini. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha Katiba na kuruhusu mfumo wa vyama vingi.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni sharti kuelewa ofisi aliyopewa. Chini ya Katiba ya zamani, Mwanasheria Mkuu alikuwa mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya sheria, aliketi katika Baraza la Mawaziri, na alikuwa mbunge kwa wadhifa wake. Papo hapo, yeye ndiye aliyesimamia mashtaka yote ya jinai nchini. Angeweza kuanzisha kesi, kuchukua kesi iliyoanzishwa na mtu mwingine, au kuisitisha wakati wowote kabla ya hukumu, bila kulazimika kuieleza mahakama sababu zake.

Kwa hiyo, polisi alipodaiwa kumuua raia, mtu mwenye uwezo wa kumshtaki polisi huyo alikuwa pia wakili wa serikali iliyomwajiri. Wahenga walisema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Huo ndio mgongano ambao Wako mwenyewe alikuwa ameuonya ulimwengu dhidi yake alipokuwa Geneva.

Ulinzi wa ajira wa Mwanasheria Mkuu uliondolewa mwaka 1986 na kurejeshwa mwaka 1990, mwaka mmoja kabla ya Wako kuteuliwa. Kutokana na ulinzi huo hangeweza kufutwa kazi bila jopo maalumu kuundwa, na alibaki afisini chini ya marais wawili, Moi na Mwai Kibaki. Hakuna Mwanasheria Mkuu mwingine wa Kenya aliyekaa muda mrefu kama huo.

Hata akiwa serikalini, Umoja wa Mataifa haukuacha kumtuma. Mwaka 1992 Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali alimpeleka Indonesia na Timor Mashariki kuchunguza mauaji ya waombolezaji katika makaburi ya Santa Cruz jijini Dili, yaliyofanywa na wanajeshi Novemba 1991. Baadaye, mwaka 2006, alichaguliwa kuingia katika Tume ya Sheria ya Kimataifa. Ng'ambo aliendelea kuheshimiwa kama mtaalamu huku nyumbani lawama zikiongezeka.

Mojawapo ya lawama hizo ilitokana na kesi ya mwaka 2005, pale mmiliki wa shamba huko Naivasha, Bw Thomas Cholmondeley, aliposhtakiwa kwa kumuua afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mwezi Mei mwaka huo Mwanasheria Mkuu alisitisha mashtaka, na hasira zikazuka hasa miongoni mwa jamii ya Wamaasai. Serikali ilishikilia kwamba ushahidi haukutosha. Kwa walalamishi, jambo kuu lilikuwa kwamba uamuzi mzito kiasi hicho ulitolewa na mtu mmoja, bila jaji kuupima.

Mabomu, na mswada uliokataliwa

Ugaidi uliingia katika maisha ya Wakenya kwa kishindo Agosti 7, 1998, bomu liliporipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au njiani. Siku hiyo hiyo watu 11 waliuawa jijini Dar es Salaam. Novemba 28, 2002, washambuliaji walilipua hoteli ya Paradise huko Kikambala, Pwani, na kuwaua watu 13, huku makombora yakirushwa kuelekea ndege ya abiria ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa.

Wakati huo Kenya haikuwa na sheria mahususi ya ugaidi. Washukiwa walishtakiwa kwa mauaji au kwa kula njama, chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa upande mwingine, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 1373, lililozitaka nchi zote zitunge sheria za kuzuia ugaidi na ufadhili wake, na kutoa ripoti kwa kamati maalumu. Marekani na Uingereza nazo ziliishinikiza Nairobi, na Washington ikatangaza mwaka 2003 msaada wa dola milioni 100 kwa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika kwa ajili ya vita hivyo.

Mwezi Aprili 2003 serikali mpya ya Kibaki ilichapisha Mswada wa Kukandamiza Ugaidi. Kama ilivyokuwa kwa miswada yote ya serikali, uliandikwa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Ulifafanua ugaidi kwa maneno mapana kiasi kwamba wakosoaji walihofu mgomo au maandamano yangeweza kuingizwa humo. Ulimruhusu polisi kumzuilia mshukiwa kwa saa 36 bila kuwasiliana na wakili wala jamaa. Uliweka kifungo cha hadi miezi sita kwa mtu ambaye mavazi yake au kitu alichobeba hadharani kingezua shaka kwamba ni mfuasi wa kundi la kigaidi. Aidha, ulimkinga afisa dhidi ya kushtakiwa iwapo nguvu alizotumia katika kazi hiyo zingesababisha kifo au majeraha.

Kifungu cha mwisho ndicho kilichowashangaza waliokumbuka ripoti za Geneva. Ofisi iliyoongozwa na mchunguzi wa kwanza wa mauaji ya dola sasa ilikuwa imeandika kinga kwa afisa anayeua.

Upinzani ulitoka pande nyingi. Viongozi wa Kiislamu walisema kifungu cha mavazi kiliwalenga waumini wao. Chama cha Mawakili, mashirika ya haki na viongozi wa makanisa walijiunga nao. Julai 2003 kamati ya Bunge ya usimamizi wa haki na masuala ya sheria, iliyoongozwa na Bw Paul Muite, iliukataa mswada huo. Rasimu nyingine iliyotolewa mwaka 2006 nayo haikupita.

Watetezi wa mswada walikuwa na hoja isiyoweza kupuuzwa. Mnamo Juni 2005, washtakiwa wa mauaji ya Kikambala waliachiliwa huru na Mahakama Kuu kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha. Familia za waliouawa zilibaki bila mtu wa kuwajibika. Serikali ilidai kwamba bila sheria mahususi, polisi walikuwa wakipigana na adui mpya kwa silaha za zamani. Wapinzani walijibu kwamba kilichokosekana ni upelelezi wa makini, na kwamba kinga kwa polisi haiongezi ushahidi hata chembe.

Safari za ndege bila idhini ya mahakama

Kukataliwa kwa mswada hakukuzuia operesheni. Mwishoni mwa 2006 majeshi ya Ethiopia yaliingia Somalia, na watu waliokuwa wakikimbia vita wakakamatwa mpakani na ndani ya Kenya. Januari na Februari 2007 watu zaidi ya 80, wakiwemo wanawake na watoto, walisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi hadi Somalia. Wengi wao waliishia katika magereza ya Ethiopia. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Kenya. Mawakili waliokuwa wamefika Mahakama Kuu kudai washukiwa waletwe mbele ya jaji waliambiwa kwamba wateja wao hawamo tena nchini.

Mtindo huo ulirudi baada ya mashambulizi ya Kampala ya Julai 11, 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70. Wakenya kadhaa walikamatwa na kuvukishwa hadi Uganda bila kupitia mahakama ya Kenya. Mwezi Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kumhamisha mshukiwa kwa njia hiyo kulikiuka sheria. Katika mashauri ya aina hii, mjibu maombi alikuwa Mwanasheria Mkuu. Wakili aliyewahi kuziandikia serikali akiuliza waliko watu wao sasa aliwakilishwa mahakamani kujibu swali hilo kwa niaba ya serikali.

Mlima Elgon na ripoti ya Alston

Anayetoka Malava kwa barabara ya Kakamega hadi Webuye, kisha akaelekea Bungoma, hukaribia miteremko ya Mlima Elgon. Huko, kuanzia mwaka 2006, kundi lililojiita Jeshi la Kulinda Ardhi la Sabaot liliua, kukata watu masikio na kuwafukuza maelfu makwao kwa sababu ya ugomvi wa mashamba ya Chebyuk. Machi 2008 serikali ilipeleka wanajeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Kundi hilo lilivunjwa, na kiongozi wake akauawa mwezi Mei. Lakini mashirika ya haki na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu yalikusanya ushahidi wa mateso ya wanaume waliokusanywa kwa wingi kambini. Makadirio ya mashirika hayo yalionyesha kwamba zaidi ya watu 200 waliuawa au kutoweka mikononi mwa maafisa wa usalama. Serikali ilikana.

Kwingineko, tume hiyo ilikuwa imeripoti mwaka 2008 kuhusu mauaji ya vijana walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mungiki, ikidai karibu 500 waliuawa au kutoweka. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 nazo ziliacha zaidi ya watu 1,100 wakiwa wameuawa, mamia yao kwa risasi za polisi.

Hayo ndiyo yaliyomleta Alston Februari 2009. Alihojiana na mashahidi, maafisa wa serikali na mashirika ya raia, na akafika pia magharibi mwa nchi. Matokeo aliyotangaza yalikuwa makali. Alisema mauaji ya polisi yalikuwa ya kupangwa na yameenea, akapendekeza Kamishna wa Polisi, Meja Jenerali Hussein Ali, afutwe kazi, na akamtaja Wako kuwa kielelezo cha utamaduni wa wakosaji kutoadhibiwa nchini. Hoja yake haikuwa kwamba Mwanasheria Mkuu aliamuru mauaji. Alisema kwamba katika miaka mingi ya kushika ufunguo wa mashtaka, wakubwa hawakushtakiwa.

Siku chache baadaye, Machi 5, 2009, wanaharakati Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wamempa Alston habari kuhusu mauaji ya polisi, walipigwa risasi na kuuawa ndani ya gari lao jijini Nairobi, mchana na mbele ya watu.

Meja Jenerali Ali aliondolewa katika uongozi wa polisi Septemba 2009. Wako alibaki. Mwishoni mwa mwaka huo Marekani ilimnyima idhini ya kuingia nchini humo, naye akatishia kwenda mahakamani. Novemba 2019 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimpiga marufuku yeye na familia yake hadharani kwa madai ya kuhusika katika ufisadi mkubwa. Wako amekuwa akikana madai hayo, na hakuna mahakama iliyowahi kumpata na hatia.

Maneno mawili katika rasimu

Tukio moja la mwaka 2010 linaonyesha jinsi suala la usalama lilivyoning'inia juu ya kalamu ya Mwanasheria Mkuu. Bunge liliidhinisha rasimu ya Katiba mpya Aprili 1, na sheria ikamtaka Wako aichapishe. Mwezi Mei iligunduliwa kwamba baadhi ya nakala zilizotoka kwa Mpigachapa wa Serikali zilikuwa na maneno ambayo hayakuwa katika rasimu iliyoidhinishwa. Katika kifungu cha 24, kinachoeleza ni lini haki za raia zinaweza kuwekewa mipaka, mtu alikuwa amepenyeza "usalama wa taifa". Kwa nyongeza hiyo fupi, serikali ingepata sababu mpya ya kuzipunguza haki za kila Mkenya.

Wako alitangaza kwamba maneno hayo hayakuwa sehemu ya rasimu halali, akataka uchunguzi ufanywe, na toleo sahihi likatumika katika kura ya maamuzi ya Agosti 4. Katiba ilitiwa saini Agosti 27, 2010. Katika jambo hili alisimama upande wa maandishi ya haki, na ni haki kulitaja sambamba na lawama.

Katiba hiyo ndiyo iliyomwondoa. Ilimtaka Mwanasheria Mkuu aliyekuwapo aondoke katika muda wa mwaka mmoja, naye akaondoka Agosti 2011. Iliipasua pia ofisi yake. Mashtaka ya jinai yalihamishiwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, afisa huru asiyeamriwa na yeyote. Afisa huyo hawezi kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama. Lile swali la kesi ya Naivasha, kwamba nani anampima anayesitisha, lilipata jibu la kikatiba.

Mrithi, na sheria iliyopita

Aliyemrithi Wako, Profesa Githu Muigai, naye alikuwa ametoka katika kazi kama hiyo ya Umoja wa Mataifa. Tangu 2008 alikuwa mchunguzi maalumu wa umoja huo kuhusu ubaguzi wa rangi. Ilikuwa katika kipindi chake ambapo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa, Oktoba 2012, miaka tisa baada ya mswada wa kwanza kukataliwa. Kenya ilikuwa imepeleka jeshi Somalia mwaka mmoja kabla, na taasisi za kimataifa zinazofuatilia fedha za magaidi zilikuwa zimeipa makataa. Kifungu cha mavazi hakikuwamo tena.

Kisha kukaja Westgate, Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa. Mwaka uliofuata kukawa na Mpeketoni, na kisha mauaji ya abiria wa basi na ya wafanyakazi wa machimbo huko Mandera. Desemba 19, 2014, baada ya vurugu Bungeni, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya sheria za usalama. Muungano wa upinzani wa CORD na watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Muigai akayatetea marekebisho hayo kwa niaba ya serikali. Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vifungu vinane, vikiwemo vya kubana vyombo vya habari na cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000. Vifungu vingine vilibaki.

Hivyo mawakili wawili waliotoka katika uchunguzi wa Umoja wa Mataifa waliingia ofisi moja, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili wakawa watetezi wa sheria za usalama. Lingetokea kwa mmoja, tungelaumu tabia yake. Kwa kuwa lilijirudia, jibu liko katika kazi yenyewe. Wakili hutetea mteja wake, na mteja wa Mwanasheria Mkuu ni serikali. Sifa njema alizobeba kutoka kazi ya awali hazimgeuzi kuwa mlinzi wa raia katika kazi mpya.

Wako mwenyewe alirejea katika siasa kama Seneta wa Busia, 2013 hadi 2022, na katika muhula wa kwanza aliongoza kamati ya Seneti ya masuala ya sheria na haki za binadamu. Kiti hicho kilichukuliwa na Bw Okiya Omtatah, mwanaharakati aliyejulikana kwa kuishtaki serikali mara kwa mara.

Milango iliyopo leo kwa mkazi wa Kabras

Ugaidi unaweza kuonekana kuwa habari za Pwani na za mpaka wa Somalia, zisizomhusu mkata miwa anayepeleka mzigo katika kiwanda cha West Kenya. Lakini sheria ya ugaidi haina mpaka wa kaunti. Mwaka 2025, baada ya maandamano ya Juni 25, waendesha mashtaka waliitumia sheria hiyo hiyo dhidi ya vijana waliodaiwa kuchoma majengo ya serikali, na kesi zao zikapelekwa katika mahakama ya Kahawa iliyozoea kusikiliza mashtaka ya ugaidi. Watetezi wa haki walisema hofu ya 2003, kwamba maandamano yangeweza kuitwa ugaidi, imetimia. Serikali ilisema uharibifu uliofanywa ulivuka mipaka ya maandamano.

Tofauti na enzi za Wako ni kwamba mlalamishi hategemei tena ofisi moja. Kuna milango mitatu, na yote iko Kakamega. Wa kwanza ni Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 na yenye ofisi ya kanda mjini humo. Mamlaka hiyo hupokea malalamishi bila malipo, na polisi wanalazimika kuiarifu kila mtu anapofia mikononi mwao au kujeruhiwa vibaya. Wa pili ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo ndiyo huamua kama afisa atashtakiwa. Wa tatu ni Mahakama Kuu. Humo raia yeyote anaweza kudai kwamba aliyekamatwa aletwe mbele ya jaji, au kupinga kifungu cha sheria kinachokiuka Katiba. Mtu aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani katika saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, na ana haki ya kuzungumza na wakili.

Milango hiyo si tiba ya kila ugonjwa. Kesi dhidi ya maafisa huchukua miaka, mashahidi huogopa, na familia nyingi za Mlima Elgon hazijawahi kuelezwa waliko wapendwa wao. Hata hivyo, anayelalamika leo hana haja ya kungoja wakili wa serikali amhurumie kwa sababu ya sifa alizopata Geneva. Anachohitaji ni kuandika jina la kituo cha polisi, tarehe na saa, kupata ripoti ya daktari mapema, na kufika Kakamega kabla ushahidi haujapotea.